Swali la Mtoto Kuhusu Tetemeko la Ardhi

Miongoni mwa mambo yanayomtia hofu mwalimu aanzaye kazi, hakuna linaloshinda swali la mtoto ambalo kitabu cha kiada hakikuliwekea jibu. Aghalabu swali la namna hiyo hukatizwa, kwa upole au kwa ukali, na somo likaendelea. Nia ya makala haya ni kueleza kwamba swali hilo halistahili kukatizwa, na kwamba mwalimu ajuaye kulipokea huwafundisha watoto sayansi nyingi zaidi kuliko yule aliyefaulu kumaliza andalio lake kabla ya kengele. Mfano nitakaoutumia ni dai kwamba ishara za umeme na sumaku katika angahewa hutangulia matetemeko ya ardhi. Nimeuchagua mfano huu kwa sababu ulinifedhehesha mimi mwenyewe.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilikwenda kumwangalia mwanachuo mmoja katika shule ya msingi mkoani Kagera. Somo lilikuwa Sayansi, Darasa la Sita, na mada ilikuwa matetemeko ya ardhi. Kijana alikuwa amechora bango zuri: setilaiti juu, milima chini, na mistari myekundu ikipanda kutoka kwenye miamba hadi angani. Akawaambia watoto, "Wanasayansi wamegundua kwamba kabla ya tetemeko ardhi hutoa mawimbi ya umeme. Vyombo huyanasa mawimbi hayo, na kwa hiyo tetemeko hujulikana mapema." Watoto wakaandika. Kisha msichana mmoja aliyeketi nyuma akanyosha mkono, akasema, "Mwalimu, kama hujulikana mapema, kwa nini hawakumwambia bibi yangu? Nyumba ilimwangukia."

Darasa zima likanyamaza. Kijana akatazama bango lake, akanitazama mimi, kisha akajibu, "Hilo utalisoma sekondari."

Sina haki ya kumlaumu. Andalio lile nilikuwa nimelipitia mimi siku iliyotangulia, nikaandika chini yake "Vizuri sana". Nililisifu bango, sentensi iliyokuwa na kosa niliipita bila kuisoma kwa makini.

Mtoto yule hakuwa akitafuta mchezo. Tarehe 10 Septemba 2016, siku ya Jumamosi alasiri, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 lilitikisa mkoa wa Kagera. Watu zaidi ya 15 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba zilibomoka au kupasuka. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata ikabidi zifungwe kwa muda. Mtoto aliyezaliwa katika mkoa ule amekua akizisikia habari hizo nyumbani. Kumwambia kwamba tetemeko hujulikana mapema ni kumwambia kwamba kuna mtu aliyejua, akanyamaza.

Dai lenyewe na msingi wake

Ni vema kwanza tulitendee haki dai lenyewe, kwa maana halikutoka kwa wapiga ramli. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba fuwele za baadhi ya madini, kama vile kwatsi, hutoa umeme zikibanwa. Kiwashio cha jiko la gesi, kile kinachobonyezwa kikatoa cheche bila betri, hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Kwatsi imejaa katika miamba mingi ya dunia, na kabla ya tetemeko miamba hubanwa kwa nguvu kubwa mno kwa miaka mingi. Pia maji yanayopenya katika nyufa za miamba huweza kuzalisha mkondo wa umeme. Kwa hiyo si upuuzi kuuliza kama mwamba unaokaribia kukatika unaweza kutoa mawimbi ya sumakuumeme, yakapanda hadi angani na kunaswa na vyombo.

Lakini hapa pana kikwazo. Kiini cha tetemeko aghalabu huwa chini sana, kilomita kumi au zaidi, na miamba iliyolowa maji humeza mawimbi ya umeme. Yale yatetemayo kwa haraka humezwa mapema; yale yatetemayo polepole sana ndiyo yenye nafasi ya kufika juu. Ndiyo maana watafiti wengi waliweka matumaini yao katika mawimbi ambayo moja huchukua sekunde 100 hivi kupita.

Habari iliyowapa watu matumaini makubwa zaidi ilitoka California, Marekani. Tarehe 17 Oktoba 1989 tetemeko la Loma Prieta, lenye ukubwa wa 6.9, liliua watu 63. Kiasi cha kilomita 7 kutoka kitovu chake, mahali paitwapo Corralitos, palikuwa na chombo cha kupima sumaku kilichosimamiwa na Antony Fraser-Smith wa Chuo Kikuu cha Stanford. Yeye na wenzake walipozikagua kumbukumbu za chombo hicho, waliona kwamba mawimbi ya polepole yaliongezeka wiki mbili hivi kabla ya tetemeko, na kwamba saa tatu hivi kabla ya mtikisiko yalipanda sana. Habari hiyo ilitolewa mwaka 1990 na ikasambaa duniani kote. Bila shaka bango la mwanachuo wangu lilikuwa mjukuu wake.

Mwanachuo akiishia hapo, amesoma nusu ya kisa. Chombo kilikuwa kimoja, na tetemeko lilikuwa moja. Mwaka 2009 watafiti wengine, Jeremy Thomas, Jeffrey Love na Malcolm Johnston, walizipima upya kumbukumbu zile kwa kuzilinganisha na za vituo vingine. Wakahitimisha kwamba yumkini kilichoonekana ni hitilafu ya chombo chenyewe. Na kabla ya hapo, tarehe 28 Septemba 2004, palitokea tetemeko lenye ukubwa wa 6.0 huko Parkfield, katika jimbo hilo hilo. Parkfield palikuwa pamezungukwa na vyombo vya kila aina kwa sababu wataalamu walikuwa wamebashiri kwamba pangetikisika kabla ya mwaka 1993. Tetemeko lilichelewa zaidi ya miaka kumi, na lilipokuja vyombo vya sumaku na umeme havikuonyesha ishara ya wazi ya kulitangulia.

Utafiti haukukoma. Mwaka 2004 Ufaransa ilirusha setilaiti iitwayo DEMETER, iliyozunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 700 hivi hadi mwaka 2010, kazi yake ikiwa kutafuta ishara hizo. Watafiti waliojumlisha kumbukumbu za maelfu ya matetemeko waliona badiliko dogo la mawimbi ya redio, nyakati za usiku, katika saa chache kabla ya matetemeko yasiyo na kina kirefu. Badiliko hilo ni dogo kiasi kwamba huonekana tu matetemeko mengi yakichukuliwa kwa pamoja. Kwa tetemeko moja halimwambii mtu lolote. Baada ya tetemeko kubwa la Japani la tarehe 11 Machi 2011, Kosuke Heki wa Chuo Kikuu cha Hokkaido alieleza kwamba dakika 40 hivi kabla ya mtikisiko chembe za umeme ziliongezeka katika tabaka la juu la angahewa liitwalo ionosfia. Wenzake wakampinga, wakisema ongezeko hilo limetokana na namna hesabu ilivyofanywa. Mwaka 2018 China nayo, ikishirikiana na Italia, ilirusha setilaiti kwa kazi hiyo hiyo. Hadi leo hakuna njia iliyokubaliwa na wanasayansi ya kutaja mapema siku, mahali na ukubwa wa tetemeko.

Hivyo ndivyo hali ilivyo: wazo lina msingi, ushahidi ni haba, mabishano yanaendelea. Je, tulifundisheje jambo la namna hii kwa mtoto wa miaka 12?

Jogoo na mvua

Kosa la bango lile ni la zamani sana, na halihusu umeme peke yake. Ni kosa la kuhesabu waliofika na kuwasahau waliokosa. Jogoo huwika kila alfajiri. Basi ni kweli kabisa kwamba jogoo amewika kabla ya kila mvua iliyowahi kunyesha kijijini, na kabla ya kila tetemeko pia. Hakuna mtu mwenye akili atakayemfanya jogoo kuwa mtabiri, kwa sababu sote tunakumbuka siku alizowika na mvua isinyeshe. Lakini ishara isiyo ya kawaida, kama mwanga angani au kelele katika redio, tunaikumbuka pale tu inapofuatwa na jambo. Siku ilipotokea bila kufuatwa na kitu, hakuna aliyeiandika.

Napendekeza basi kila mwanachuo ajifunze kuchora ubaoni mraba wenye vyumba vinne. Chumba cha kwanza ni cha siku ambazo ishara ilionekana na tukio likafuata. Cha pili: ishara ilionekana, tukio lisifuate. Cha tatu: ishara haikuonekana, lakini tukio likaja. Cha nne: hapakuwa na ishara wala tukio. Dai lolote la kwamba jambo fulani hutangulia jingine halina maana mpaka vyumba vyote vinne vimejazwa. Msimuliaji hukuonyesha chumba cha kwanza tu; mwanasayansi anakudai vyote.

Kuna zoezi moja ambalo shule yoyote inaweza kulifanya, nalo linahusu ishara za kweli za umeme angani. Tafuta redio ya zamani yenye masafa ya kati, uiweke mahali pasipo na kituo, na usikilize mikwaruzo. Radi inayopiga mbali hutoa mawimbi ya sumakuumeme, na redio hiyo huyanasa kama mkwaruzo mkali wa ghafula. Redio za FM hazifai kwa zoezi hili, maana mikwaruzo hiyo husikika humo kwa nadra. Weka zamu ya watoto wawili wawili. Kila siku kabla ya kwenda nyumbani waisikilize redio kwa dakika tano, waandike kama kuna mikwaruzo mikali au hakuna, na kesho yake asubuhi waandike kama mvua ilinyesha jioni au usiku.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba baada ya siku 40 vyumba vimejaa hivi: mikwaruzo na mvua, siku 9, mikwaruzo bila mvua, siku 6, mvua bila mikwaruzo, siku 3, bila mikwaruzo wala mvua, siku 22. Watoto watagundua wenyewe kwamba katika siku 15 za mikwaruzo mvua ilinyesha mara 9, yaani asilimia 60, na katika siku 25 zisizo na mikwaruzo ilinyesha mara 3, yaani asilimia 12. Ishara hiyo ina thamani. Lakini imedanganya mara 6 na imenyamaza mara 3. Mtoto aliyejaza jedwali hilo kwa mkono wake hawezi tena kuamini kwa wepesi mtu asemaye kwamba redio yake haikosei.

Kisha mwalimu aulize swali la mwisho: kwa nini tumeweza kulipima jambo la mvua kwa siku 40, na jambo la tetemeko halijamalizika kwa miaka mingi? Watoto wenyewe watajibu. Mvua huja mara nyingi. Tetemeko kubwa mahali pamoja huweza kukawia miaka mingi sana, na chumba cha kwanza hukaa kitupu. Chanzo cha mkwaruzo tunakijua, ni radi. Chanzo cha ishara za ardhini bado kinabishaniwa. Tena mawimbi ya redio na sumaku hutoka kila upande: kwenye jua, kwenye radi, kwenye mashine za viwanda na nyaya za umeme. Kuitambua sauti ya mwamba katika kelele hiyo ni kama kumsikia mtoto mmoja akinong'ona sokoni siku ya gulio.

Gharama ya kukosea

Huenda msomaji akadhani kwamba nalikuza jambo dogo. Historia inasema vingine. Tarehe 4 Februari 1975, huko Haicheng nchini China, watu wengi walihamishwa majumbani kabla ya tetemeko lenye ukubwa wa 7.3, na maisha ya wengi yakaokoka. Ishara za kila namna zilitajwa, lakini iliyosaidia zaidi ilikuwa mfululizo wa matetemeko madogo yaliyotangulia lile kubwa. Dunia ikasifu, na wengi wakaamini kwamba sasa siri imefichuka. Tarehe 28 Julai 1976 tetemeko likapiga mji wa Tangshan, katika nchi hiyo hiyo, usiku watu wakiwa wamelala. Tahadhari kama ile ya Haicheng haikutolewa. Hesabu rasmi ya waliokufa ilizidi 240,000. Haicheng ilikuwa chumba cha kwanza. Tangshan ilikuwa chumba cha tatu.

Chumba cha pili nacho kina gharama yake. Katika zama hizi za simu za mkononi, ujumbe usemao kwamba tetemeko litapiga usiku wa leo huenea kutoka kijiji hadi kijiji kabla ya jua kutua. Watu hulala nje na watoto wao katika baridi. Ujumbe wa tatu au wa nne ukiwa umekosea, hata tahadhari ya haki hudharauliwa. Mtoto aliyefundishwa kuuliza "Nani kasema, amejuaje, na mara ngapi amekosea?" ni msaada kwa nyumba nzima.

Tuangalie pia tusichanganye utabiri na onyo la haraka. Japani na Mexico zina mitambo inayowaonya watu, lakini mitambo hiyo huanza kazi tetemeko likiwa limekwisha kuanza. Mtikisiko wenye madhara husafiri ardhini kilomita tatu au nne hivi kwa sekunde, na habari ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo watu walio mbali hupata sekunde kadhaa za kujikinga. Hapo redio haikubashiri chochote. Imeshinda mbio tu. Tofauti hiyo ni rahisi kueleweka hata Darasa la Tano.

Pingamizi mbili

Wapo wenzangu wanaosema kwamba mambo yasiyothibitishwa yaachwe kabisa, kwani mtihani hauyaulizi na mtoto huchanganyikiwa. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Mtoto atayasikia mambo hayo kwa vyovyote: katika simu ya kaka yake, kilabuni wanakokaa wazee, au redioni. Tukiyafungia mlango wa darasa, yatapita dirishani yakiwa hayana mwalimu wa kuyapima.

Wengine husema kwamba mwalimu akikiri mbele ya watoto kwamba jibu halijulikani, heshima yake hupungua. Uzoefu wangu wa kuangalia madarasa unaonyesha kinyume. Heshima ya mwalimu hupungua siku watoto wanapogundua kwamba alitunga. Hata hivyo ipo namna ya kukiri. "Sijui" ya mvivu hufunga mazungumzo. "Halijajulikana" ya mwalimu aliyejiandaa huambatana na maelezo ya kile kinachojulikana, kile kinachobishaniwa, na njia inayotumika kutafuta. Kwa hiyo namshauri kila mwanachuo, anapotayarisha andalio la somo la namna hii, apige mstari chini ya kila sentensi atakayowasomea watoto, na kando yake aandike moja kati ya maneno matatu: limethibitika, linabishaniwa, au limekanushwa. Nasi wakufunzi tukague mistari hiyo kabla ya kutazama bango.

Somo lisiishie katika shaka peke yake, kwa kuwa yapo mambo ya hakika ambayo mtoto anapaswa kuondoka nayo. Nchi zetu ziko kandokando ya Bonde la Ufa, ambako ardhi inapasuka polepole, na matetemeko yataendelea kuwapo. Subukia nchini Kenya palitikisika mwaka 1928, Toro nchini Uganda mwaka 1966, na Ziwa Tanganyika mwaka 2005. Mara nyingi kinachoua ni ukuta na paa kuliko ardhi yenyewe. Kwa hiyo ujenzi bora ni kinga kuliko utabiri wowote. Mtikisiko ukianza mtoto ajikunyate chini ya dawati imara, akinge kichwa, akae mbali na madirisha. Ukitulia, darasa litoke kwa utaratibu hadi uwanjani, mbali na kuta. Zoezi hilo lifanywe kwa vitendo, na kila mtoto ajue njia yake ya kutokea.

Baada ya somo lile nilikaa na mwanachuo wangu chini ya mti, tukaandika pamoja jibu ambalo msichana yule alistahili kulipata. Kesho yake alilisoma mbele ya darasa. Alisema: "Jana nilikosea. Niliwaambia kwamba tetemeko hujulikana mapema. Halijulikani. Hawakumwambia bibi yako kwa sababu hakuna aliyejua. Wapo watu wanaotafuta njia ya kujua, wengine kwa vyombo vya sumaku, wengine kwa setilaiti, na bado hawajaipata. Leo tutajifunza jinsi wanavyotafuta, na jinsi ya kujikinga wakati tunangoja."

Msichana hakusema neno. Alifungua daftari, akaifuta kwa mstari mmoja ile sentensi ya jana, akaanza kuandika upya. Ndugu mwanachuo, siku utakapoulizwa swali kama lake, usilipeleke sekondari. Lipokee hapo hapo, nawe uwe na ujasiri wa kufuta sentensi yako mwenyewe ubaoni.